Tulivyomchagua Mwanasheria Mkuu

Shemegi yangu alishinda uchaguzi uliopigwa kwa kokwa za tende, na ushindi huo ukamtia gerezani karibu miaka mitatu. Uchaguzi niliuleta mimi. Sasa ni mzee, nakaa kwa mwanangu Al Khoudh, na wajukuu zangu wanaosoma chuo kikuu hapo jirani huniuliza habari za Maskati ya zamani: ilikuwaje kutembea na kandili, lango la mji lilifungwa saa ngapi. Hayo huwajibu. Hili la uchaguzi sijawahi kuwahadithia. Linaanza kwa kuchekesha, nao watacheka, na wakishacheka mimi sitaweza kuendelea.

Nilifika Maskati mwaka 1964, cheti changu cha sekondari nimekikunja ndani ya soksi. Dada yangu na mumewe walikuwa wametangulia miezi michache. Unguja shemegi alikuwa akiuza stempu posta. Hapa alipata kazi ya kupima nguo katika duka la Mhindi sokoni. Alikuwa mtu wa maneno, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko kifua chake. Watu wakigombana mtaani walimwita aamue, naye aliamua kwa namna ambayo wote wawili walikwenda zao wakicheka, hata yule aliyeshindwa. Alinipa chumba cha mbele, akanipa godoro, na hakuniuliza hata mara moja nitakaa mpaka lini.

Woga nilitoka nao Unguja. Siku za mapinduzi nilijificha ndani ya tangi la maji juu ya paa la jirani, maji yakinifika kiunoni, nikisikiliza watu wakipita chini. Nilidhani mambo hayo nitayaacha ng'ambo. Maskati nikakuta watu wana woga wao wenyewe, wa siku nyingi, wanaujua kama wanavyojua vichochoro vyao. Usivute sigara njiani. Usipige ngoma. Usitengeneze ukuta wa nyumba yako bila ruhusa. Usiku, ngoma ya langoni ikishalia na mzinga ukapigwa, usitoke bila kandili, na kandili uibebe ili uso wako uonekane. Sheria hizi hukuonyeshwa zimeandikwa wapi. Ulizijua kwa kumsikia aliyekamatwa.

Sisi wa Zinjibari tulitazamwa zaidi. Tulikuwa tumesoma, tumezoea magazeti na redio, na tumetoka mahali ambapo mtawala alipinduliwa. Dada yangu aliniambia wiki ya kwanza, "Hapa usicheke ukipita mbele ya askari. Atataka kujua unacheka nini, na wewe nnakujua, utamwambia."

Mwaka 1967, kwa Kiingereza changu, nilipata kazi kwa Mmarekani mmoja. Alikuwa wakili wa kampuni iliyokuja na kazi za mafuta, mzee mnene mwenye shingo nyekundu, aliyekaa ofisini na leso mbichi kichwani na viatu amevivua. Nilimpigia barua kwa taipu na kumfasiria Kiarabu. Mchana, joto likizidi, hakuna aliyefanya kazi. Yeye alizungumza na mimi nikasikiliza.

Siku moja aliniambia kwamba kwao alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Nilinyanyuka kwenye kiti. Nilimjua mwanasheria mkuu wa Unguja: Mwingereza aliyeletwa na meli, akavaa nywele za bandia mahakamani, akaondoka na meli. Nikamuuliza nani alimteua.

"Hakuniteua mtu," alisema. "Nilichaguliwa. Kwa kura."

"Na nani?"

"Na wakulima. Na wake zao. Na kinyozi aliyekuwa akininyoa."

Sikuamini. Akaanza kunisimulia, na masimulizi hayo yalichukua miezi, kila mchana kipande. Alianza kama mwendesha mashitaka wa wilaya, akiwashitaki wezi wa ng'ombe na waume wanaopiga wake zao. Kisha akaomba kazi ya jimbo. Alizunguka maonyesho ya wakulima, akapanda juu ya lori akahutubia, akala kila alichopewa mpaka tumbo likamharibika. Picha zake zilibandikwa kwenye mabanda ya ng'ombe. "Usiku wa kuhesabu kura," alisema, "niliogopa mpaka nikatapika. Wewe hapa unamwogopa mtu mmoja, kijana. Mimi nilimwogopa kila mtu."

Alishinda, na baada ya miaka minne akashinda tena. Alinieleza kazi yenyewe. Jimbo likishitakiwa, yeye hulitetea. Gavana akitaka kujua kama jambo ni halali, humuuliza yeye, na jibu lake huandikwa likawa kama sheria. Kampuni zikiwapunja watu, huzipeleka mahakamani kwa jina la watu wote. Aliwahi kuzishitaki kampuni za maziwa zilizopatana bei kwa siri, na siku aliyoshinda kesi hiyo akina mama walimngoja nje ya mahakama na keki.

"Na kila aliye katika kiti kile," alisema, "jicho lake liko kwa gavana. Akikwambia haliko, anakudanganya. Ile kazi ni ngazi."

"Na wewe ulipanda?"

Alicheka bila furaha. Alisimama kugombea ugavana, na kila mtu akasema atapata. Gavana aliyekuwapo alikuwa wa chama chake na alimwunga mkono. Kulikuwa na uvumi kwamba rafiki wa gavana huyo amekula fedha za barabara. Siku moja, kwenye maonyesho, mwandishi wa gazeti akamuuliza: je, ukimkuta na hatia utamshitaki? Angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Angeweza kukohoa. Alijibu, "Nitamshitaki, na hata gavana mwenyewe nikimkuta nayo." Watu walipiga makofi. Asubuhi yake chama kikamgeuka, wafadhili wakafunga milango, na akashindwa vibaya. Ndiyo maana alikuwa Maskati, anasoma mikataba ya mabomba.

"Niliimaliza kazi ya miaka yote ile kwa sentensi moja," aliniambia. "Mdomo, kijana. Nimewafunga watu wengi maishani mwangu, na wengi wao nisingewapata kama wangenyamaza."

Ningesikia la mwisho tu ningekuwa salama. Lakini mimi nilikuwa kijana, na masikio yangu yalikuwa kwenye kura.

Kila siku baada ya magharibi, kabla lango halijafungwa, watu wa kwetu walikusanyika chumba cha mbele kwa shemegi. Kulikuwa na kahawa, tende, na Kiswahili. Mchana kutwa tulikuwa tukisema Kiarabu cha kwetu kilichochekwa na wenyeji, kwa hiyo saa ile tulizungumza kama watu waliotolewa kitambaa mdomoni. Usiku mmoja nikawasimulia yote: mabanda ya ng'ombe, kesi ya maziwa, kinyozi mwenye kura. Miongoni mwao alikuwamo maalim mmoja, mtu mzima mwenye tumbo na heshima zake, aliyekuwa mwalimu mkuu Unguja.

"Yaani muuza nyanya," alisema maalim, "anamchagua mwanasheria wa serikali?"

"Anamchagua, na akipenda anamtoa."

"Makubwa haya."

Shemegi akajiweka sawa kwenye mkeka. "Basi na mie nasimama. Nchi nzima siitaki, nautaka mtaa huu tu. Mwanasheria Mkuu wa kichochoro."

"Wewe?" maalim alisema. "Wewe muuza stempu? Kama ni sheria, msimamisheni mtu aliyesoma."

"Na kusoma kwako kote, maalim, juzi punda kala kofia yako mbele ya watu na hukumfungulia mashitaka."

Chumba kizima kilicheka, na maalim mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Basi wakawa wagombea wawili. Nikapewa kazi ya kusimamia, kwa sababu mimi ndiye niliyeyaleta. Kila mpiga kura alipewa kokwa moja ya tende. Vikawekwa vikombe viwili vya kahawa nyuma ya pazia la mlango, kimoja cha shemegi, kimoja cha maalim. Lakini kwanza, nikasema, kampeni.

Maalim aliahidi kurudisha adabu. Shemegi aliahidi kumshitaki muuza mkate, ambaye mkate wake ulikuwa ukipungua kila Ijumaa, na mwenye punda wa maji, na mkewe kwa kosa la kumficha halua.

Dada yangu akapaza sauti kutoka ndani, "Nishitaki! Na kesho upikiwe na hao waliokuchagua!"

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilikuwa na furaha. Tangu tangi la maji sikuwahi kuwa na furaha kiasi kile. Nikachukua kalamu, nikaishika mbele ya mdomo wa shemegi kama mwandishi wa gazeti, nikasema kwa sauti ya Mmarekani, "Mheshimiwa, na mwenye kutufungia lango usiku je? Huyo utamshitaki?"

Shemegi alijibu papo hapo. "Huyo? Huyo wa mwanzo."

Walicheka. Kisha, kama taa inavyoshushwa utambi, kicheko kikapungua, na kila mtu akatazama mlango. Wenye kufungiwa lango tulimjua mwenye lango ni nani. Hakuwa askari aliyeshika funguo, alikuwa mtawala mwenyewe.

"Pigeni kura," maalim alisema taratibu. "Pigeni, tumalize, twende majumbani."

Tulipiga. Shemegi alishinda kwa wingi. Kikombe chake kilipomiminwa mkekani kokwa zilitawanyika na mtu mmoja akasema, "Mabruk, Mwanasheria Mkuu," na tukacheka tena, kidogo. Leo nikifikiri, hakuna watu duniani ambao hawakupaswa kucheza mchezo ule kama sisi. Tulikuwa tumeona kura za Unguja, tumeona watu wakichinjana siku ya kupiga kura, na tumeona yaliyokuja baadaye. Lakini tulikuwa na hamu nazo. Tulikuwa na hamu ya kuulizwa.

Mchezo ungeishia hapo, yangekwisha. Siku zile zile nilipita sokoni, nikamwona shemegi yuko mlangoni mwa duka na yadi ya kupimia mkononi, na bila kufikiri nikamwita kwa sauti, "Asalaam aleikum, Mwanasheria Mkuu!" Yeye alinikunjia uso. Palikuwa na mzee mmoja wa kienyeji akinunua nguo ya kanzu. Akaniuliza kwa Kiarabu nimesema nini. Ningeweza kusema ni utani wa kwetu. Nikamweleza, kwa Kiarabu changu nilichokuwa nikijivunia, cheo ni nini, na nikaongeza: "Sisi tumemchagua."

"Mmemchagua," alisema yule mzee.

"Ndiyo, sote."

Alitabasamu, akachukua nguo yake, akaenda. Sikumjua na sijamjua mpaka leo. Huenda si yeye aliyepeleka habari. Ila mwingine sina wa kumfikiria.

Walimchukua dukani asubuhi, kabla ya adhuhuri, askari wawili wa liwali. Mhindi mwenye duka alikuja mbio nyumbani kutuambia, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alisema wamemuuliza shemegi swali moja tu, nani aliyemchagua, na yeye akajibu, "Ni mchezo, bwana." Wakamwambia akaseme hayo kwenye ngome. Ile ngome, gereza lenyewe, iko juu ya mwamba mdomoni mwa bandari. Kila aliyekaa Maskati aliitazama mara nyingi kwa siku, na hakuna aliyeinyooshea kidole.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi mingi. Alikaa juu ya kitanda, mikono juu ya tumbo, akanitazama.

"Kesho asubuhi," alisema, "liwali anakaa barza. Mlango uko wazi kwa kila mtu. Nenda na maalim. Vaa kilemba. Mbusu mkono, mwambie mchezo ni wangu, mimi ndiye niliyeuleta, mimi ni kijana mjinga. Atakutukana. Labda atakupiga bakora. Mume wangu atarudi."

"Na akinifunga mie?"

"Akikufunga wewe, huna mke wala mtoto."

Alisema kweli, na alisema bila ukali. Nikamwambia nitakwenda. Nilikusudia kwenda. Lakini kwanza nikaenda kwa Mmarekani, kwa kuwa yeye ni wakili, na moyoni nikijua kwamba natafuta mtu wa kunizuia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alivaa viatu vyake, jambo ambalo hakulifanya ofisini, kama vile mahakama imeingia. "Wamekuuliza wewe?" alisema.

"Bado."

"Basi hujui kitu. Usiende. Usiseme neno mpaka uulizwe, na ukiulizwa usijibu zaidi ya ulichoulizwa. Sasa hivi wana mtu mmoja na mzaha mmoja. Ukienda watakuwa na watu wawili, na wawili ni njama. Nimeifanya kazi hii miaka mingi. Wakose la kuandika, watamwachia wenyewe."

Ulikuwa ushauri mzuri. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyepoteza ugavana kwa sentensi moja. Kwao kuna jaji, kuna siku ya kesi, kuna karatasi ambayo serikali lazima iilete au imwachie mtu. Kwetu palikuwa na mtu mmoja aliyekaa juu ya zulia asubuhi, na waliokwenda kumwona na wasiokwenda. Hilo nililijua. Mmarekani hakulijua, mimi nililijua. Nilichagua kuliamini la kwake kwa sababu lilifanana na woga wangu, na kwa kuwa lilisemwa kwa Kiingereza nililiita sheria.

Nilimwambia dada, "Wakili kasema tusubiri."

"Wakili wa wapi?" aliuliza.

Tukasubiri. Wale jamaa wa jioni hawakuja tena, na mkeka ukabaki umekunjwa ukutani. Nilikwenda kazini na kurudi nikipita vichochoro ambavyo havikutazama bandari. Kila kishindo mlangoni kilinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye jiko, ambako kulikuwa na kidirisha. Nilikwishapima kama mabega yangu yatapita. Usiku nilisikia dada akigeuka kitandani. Maalim alinijia mara moja, akasimama bila kukaa. "Mwanangu, twende," alisema. "Nitakusemea mie." Nikamwambia tusubiri kidogo. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama, nadhani, wanafunzi waliodanganya kwenye mtihani. Hakurudi.

Dada alipeleka chakula ngomeni kila siku, yeye mwenyewe, na tumbo lake, akipanda ngazi zile za mwamba. Hakuruhusiwa kumwona. Alimpa askari kikapu na kungojea kirudi. Siku moja alirudi, akaweka kikapu chini, akavua ushungi.

"Askari kaniambia," alisema. "Wamemuuliza nani aliyeanzisha. Amesema yeye. Peke yake. Hakukutaja."

Nilikaa chini pale pale mlangoni.

"Sasa je," alisema dada. "Bado unasubiri?"

Asubuhi yake nilikwenda barzani, peke yangu, maana niliona haya kumwita maalim. Kilemba nilikifunga vibaya. Barza ilikuwa ukumbi mrefu chini, wazi upande mmoja, watu wamekaa kwa safu migongo ukutani na bunduki zao mapajani. Nilisalimia mkono kwa mkono mpaka mwisho, kama desturi, na kila mkono niliokuwa nikiushika nilihisi unalijua jasho langu. Nikapewa kahawa. Nikatikisa kikombe kwamba nimetosheka kabla hata sijanywa, na mtumishi akacheka.

Liwali alikuwa mzee, ndevu nyeupe, sauti ya chini. Nilimweleza yote: mchezo wangu, swali langu la lango, utani wangu sokoni. Nilisema shemegi hana kosa. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mvua.

"Umepita muda gani tangu achukuliwe?"

Nikamwambia. Ulikuwa umepita mwezi na zaidi.

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Hapa, Sheikh. Maskati."

"Mtu akikosa huja kesho yake. Wewe umekaa mwezi. Kwa nini?"

Hili lilikuwa swali moja. Ningeweza kusema neno moja, niliogopa, na lingekuwa kweli, na nadhani lingetosha. Watu wote ukumbini walikuwa wakinitazama. Niliona askari mmoja mlangoni akibadilisha mguu. Mdomo wangu ukatafuta mtu mwingine wa kusimama mbele yangu.

"Niliambiwa ninyamaze," nilisema.

"Nani alikwambia?"

Nikamtaja Mmarekani, na kwamba habari za uchaguzi nazo nilizipata kwake.

Nakumbuka jinsi liwali alivyoweka kikombe chake chini. "Mmarekani alikufundisheni uchaguzi," alisema, "na Mmarekani huyo huyo akakufundisheni kunyamaza." Hakukasirika. Alionekana amechoka, kama mtu aliyepokea mzigo mwishoni mwa siku. "Ewe kijana. Ungekuja kesho yake, ningemwita huyo shemegi yako hapa, ningemtukana mbele ya watu, angekwenda kula kwake. Nilikungoja uje, wewe au mwingine wenu. Hakuja mtu. Sasa umeniletea Mnasara ndani yake. Hili si langu tena. Hili linakwenda juu."

Mimi hawakunifunga. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilionekana sistahili hata hilo. Waliniambia niende nyumbani.

Mmarekani aliondolewa baada ya siku chache. Kampuni ilitakiwa imtoe nchini, ikamtoa. Nilikwenda kumsaidia kufunga vitabu, nikamwambia ukweli, kwamba nimemtaja. Alikaa juu ya sanduku lake.

"Kwetu ulikuwa ushauri sahihi," alisema.

"Nnajua."

"Nilipaswa kukuuliza kwanza hapa hufanywaje. Mteja wangu ningemuuliza." Akanipa mkono, mkono wake mnene ulioloa. Aliniambia kwamba mwakani huenda akasimama tena, kile kiti cha mwanasheria mkuu, ngazi ile ile kuanzia chini. Sikujua kama alisimama. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege, na njia nzima niligeuka nyuma kutazama nani anatufuata.

Mtoto alizaliwa mwezi huo, wa kike. Mimi nilimwadhinia sikioni, kazi ya baba yake. Nilipata kazi nyingine ya kupiga taipu kwa wafanyabiashara, nikailisha nyumba ile, na dada alipokea kila nilicholeta kwa maneno ya shukrani kama anavyoshukuriwa mpangaji. Chakula kiliendelea kupanda ngome. Baadhi ya siku kikapu kilirudi kitupu, baadhi kilirudi kama kilivyokwenda, na siku hizo hatukulala. Hatukujua ameambiwa miaka mingapi, kwa sababu hakuwa ameambiwa.

Mwaka 1970 mtawala alibadilika. Ilitangazwa mchana, na watu walitoka majumbani na ngoma ambazo sijui walikuwa wamezificha wapi. Mimi nilikaa ndani mpaka jioni. Niliogopa kuwa ni mtego. Baadaye wakaanza kuwatoa wafungwa, wachache wachache, na siku moja maalim akaja akimshika mkono mtu ambaye mwanzo nilidhani ni baba yake.

Shemegi alikuwa amejikunja mgongo, na alitembea kwa hatua fupi, kama bado pana chuma baina ya miguu. Sauti yake ilikuwa imeondoka. Alizungumza karibu kwa kunong'ona. Mtoto alijificha nyuma ya mama yake. Dada hakulia. Alileta maji akamwosha miguu, na alipofika kwenye vifundo vya miguu, ambako ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu, aliosha pole pole zaidi, akarudia, akarudia.

Nilingoja siku kadhaa, watu wapungue. Kisha nikamkuta peke yake chumba cha mbele, nikapiga magoti, nikamwambia yote, na la Mmarekani pia, na la barzani. Nikamwomba msamaha.

"Wiki ya kwanza nilikusamehe," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nilisema ni kijana, anaogopa, atakuja. Wiki ya pili kila mlango ukifunguka nilisema ndiye yeye. Nilikuwa nimeshayatayarisha ya kukwambia mbele ya liwali, nikucheke, mambo yaishe." Akajishika vifundo. "Halafu ikafika siku nikaacha kukungoja. Tangu hapo sijakuchukia, shemegi. Ila hiyo siku yenyewe, nnakwambia kweli, sijui nikusamehe vipi. Nimejaribu."

Nikamwambia asijilazimishe.

"Sijilazimishi," alisema. "Nnakwambia tu ujue, usije ukadhani nimesahau, au ukadhani nnakuficha."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Serikali mpya ilihitaji watu wa kwetu waliosoma. Mimi niliingia wizarani nikapanda mpaka nikapewa meza yenye kioo juu, na yeye nilimtafutia kazi mara tatu, akakataa zote. Alifungua duka la nguo. Idi zote tulikula pamoja. Watoto wetu walioana. Mtaani watu walipogombana walimwendea bado, lakini sasa alisikiliza tu, akasema, "Nendeni mkamwone mwenye haki yake leo, leo hii, msilaze," na akarudi kwenye nguo zake. Mimi nikiwapo, alilisema hilo bila kunitazama, na nadhani alifanya hivyo kwa kunihurumia.